Hayati Mzee Karume na Pemba: Makaazi, tiba na haki katika kisiwa cha karafuu

Kila ifikapo tarehe 7 Aprili, viongozi na wananchi hukusanyika Kisiwandui, mjini Zanzibar, kumuombea dua Hayati Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Hapo ndipo alipouawa mwaka 1972, na hapo ndipo alipozikwa. Khitma husomwa, mashada ya maua huwekwa kaburini, na majumba marefu ya Michenzani yaliyo jirani hutajwa kuwa ushahidi wa kazi aliyoifanya.

Ushahidi mwingine uko ng'ambo ya mkondo wa bahari. Abiria anayefika Pemba kwa meli hushukia Mkoani, mji wenye hospitali inayohudumia wananchi wa kusini mwa kisiwa. Akiendelea na safari ya barabara hadi Chake Chake, kisha Wete, atakutana na majumba ya saruji ya ghorofa ambayo wenyeji huyaita nyumba za maendeleo, yakiwa yamesimama kando ya mikarafuu, minazi na mashamba ya mpunga. Majumba hayo ni alama ya serikali iliyoamini kwamba makaazi, matibabu, elimu na matunzo ya wazee ni deni la dola kwa raia wake, na si sadaka ya mwenye nacho kwa asiyekuwa nacho.

Pemba ndiko imani hiyo ilikopata mtihani wake mkubwa. Kisiwa hicho ndicho kilichozalisha sehemu kubwa ya karafuu zilizoiingizia Zanzibar fedha za kigeni, na ndicho ambacho wapiga kura wake wengi hawakukichagua chama cha Mzee Karume. Kwa sababu hiyo, maisha yake yakitazamwa kutoka Pemba yanaonesha kwa pamoja ukubwa wa alichokitoa na uzito wa gharama iliyolipwa.

Kutoka Mwera hadi bandarini

Abeid Amani Karume alizaliwa mwaka 1905 katika eneo la Mwera, kisiwani Unguja, katika familia ya watu wa hali ya chini. Zanzibar ya wakati huo ilikuwa nchi ya himaya iliyo chini ya Uingereza, ikiwa na Sultani juu ya kiti na maofisa wa Kiingereza nyuma yake. Skuli zilikuwa chache, na nafasi ya mtoto ilitegemea sana kabila na mali ya wazazi wake. Karume alisoma kwa muda mfupi tu, kisha akaingia baharini akiwa bado kijana, akafanya kazi katika meli za mizigo na kuzunguka bandari nyingi za dunia, ikiwemo London.

Bahari ikawa ndiyo skuli yake. Huko alijifunza namna wafanyakazi wanavyojipanga kudai ujira wao, na akakutana na Waafrika wa makoloni mengine waliokuwa wakizungumza juu ya kujitawala. Aliporejea Zanzibar hakurudi shambani. Alijishughulisha na vyombo vilivyokuwa vikivusha abiria baina ya meli na nchi kavu, akawaunganisha wenzake katika ushirika na kuwa kiongozi wao. Hivyo, kabla ya kuwa mwanasiasa, alikwishazoea kuongoza watu wasiokuwa na cheo wala elimu kubwa: mabaharia, wachukuzi na vibarua wa bandarini.

Watu hao wengi wao waliishi Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo, na chini ya nyumba hizo kulikuwa na jambo lililowanyima usingizi. Mtu alijenga kibanda kwa mikono yake, lakini kiwanja kilikuwa cha mwingine, na alilazimika kulipa kodi ya ardhi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaazi wa Ng'ambo waliwahi kugoma kulipa kodi hiyo. Huko mashamba nako, wakulima wengi waliishi na kulima chakula chini ya minazi na mikarafuu ya wenye mashamba kwa ruhusa tu, bila ya haki yoyote ya kudumu.

Siasa ilipopamba moto katika miaka ya 1957 na 1958, baadhi ya wakulima hao walifukuzwa katika mashamba waliyoishi kwa muda mrefu kwa sababu ya chama walichokiunga mkono. Kwa wafuasi wa Karume, suala la nyumba na ardhi lilikuwa ni mtu kuamka asubuhi akajikuta hana pa kulala yeye na watoto wake. Sera ya makaazi ya miaka iliyofuata haiwezi kueleweka bila ya kukumbuka hofu hiyo.

Chama, kura na mgawanyiko wa Pemba

Tarehe 5 Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika, iliyoanzishwa mwaka 1934, iliungana na Jumuiya ya Washirazi wa Unguja, na Chama cha Afro-Shirazi kikazaliwa. Karume akawa Rais wake. Julai mwaka huo huo, katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, aligombea jimbo la Ng'ambo na kumshinda kwa kura nyingi Sheikh Ali Muhsin Barwani, kiongozi mashuhuri wa chama cha Hizbu.

Pemba haikufuata mkondo huo moja kwa moja. Jumuiya ya Washirazi ilikuwa na mizizi mirefu kisiwani humo, na wajumbe wawili waliochaguliwa Pemba mwaka 1957, akiwemo Sheikh Muhammed Shamte, walisimama kwa jina la Washirazi kabla ya kushirikiana na Afro-Shirazi. Ushirikiano haukudumu. Mwaka 1959 Shamte na wenzake walijitoa na kuunda chama cha ZPPP, ambacho baadaye kilishirikiana na Hizbu. Uhusiano wa watu wa Pemba na ardhi nao ulikuwa tofauti na wa Unguja. Wapemba wengi walimiliki mikarafuu yao wenyewe, japo michache, na waliishi na majirani wa asili mbalimbali kwa kuoana na kusaidiana. Maneno yaliyowagusa vibarua wa Ng'ambo hayakuwagusa kwa namna ile ile wakulima wadogo wa Wete au Mkoani.

Chaguzi mbili za mwaka 1961 ziligawa nchi karibu nusu kwa nusu, na ule wa Juni ulifuatiwa na umwagaji wa damu. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini ikaambulia viti 13 tu kati ya 31. Serikali iliundwa na Hizbu na ZPPP, Shamte akiwa Waziri Mkuu, na ndiyo iliyopokea uhuru tarehe 10 Disemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yakaiangusha. Karume akawa Rais wa Zanzibar, na tarehe 26 Aprili 1964 yeye na Mwalimu Julius Nyerere wakaziunganisha nchi zao mbili.

Kwa hiyo Mzee Karume alipoanza kuiongoza Pemba, alikuwa Rais wa watu ambao wengi wao hawakumpigia kura. Namna serikali inavyowatendea raia wa aina hiyo ni kipimo kigumu kuliko namna inavyowatendea wafuasi wake.

Ahadi za mwanzo

Serikali ya Mapinduzi ilitoa maamuzi makubwa ndani ya muda mfupi. Mwezi Machi 1964 ilitangazwa kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ikatangazwa kuwa bila malipo, na hadi leo tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka Unguja na Pemba. Matibabu nayo yakafanywa kuwa haki ya kila mwananchi bila ya kutoa fedha. Kuanzia mwaka 1965 mashamba yaliyotaifishwa yakaanza kugawiwa wananchi kwa kiwango cha eka tatu kwa kila mgaiwa, na zaidi ya viwanja 20,000 viligawiwa ndani ya muongo mmoja.

Aliyepewa eka tatu hakupewa hati ya kuuza. Alipewa haki ya kuitumia ardhi, kulima chakula chake na kuchuma mazao ya miti iliyomo. Kwa familia iliyoishi kwa ruhusa ya mwenye shamba, hilo lilikuwa badiliko kubwa la maisha. Kwa mkulima wa Pemba aliyekuwa tayari na mikarafuu yake, badiliko kubwa zaidi lilikuwa skuli na matibabu. Mtoto wa mvuvi wa Micheweni na mtoto wa mwenye shamba wa Chake Chake walitakiwa kukaa katika dawati moja, na mzazi hakuulizwa ada.

Nyumba za maendeleo

Mambo mengi yaliyofanywa na serikali ya Mzee Karume yamo katika vitabu vya sheria, lakini majumba yaonekana kwa macho. Kazi ilianzia mjini Unguja, katika maeneo ya Kikwajuni na Kilimani, kwa msaada wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, iliyokuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuitambua serikali mpya. Mwaka 1968 ukaandaliwa mpango wa kuijenga upya Ng'ambo, na kutokana na mpango huo yakachomoza majumba ya Michenzani, yaliyopangwa kufuata barabara mbili kuu zinazokutana katika mzunguko mmoja. Mzee Karume alifuatilia ujenzi huo yeye mwenyewe, na wananchi walitakiwa kutoa nguvu zao katika kazi za kujenga taifa.

Mpango haukuishia mjini. Rais alitaka kila wilaya ipate majumba yake, ili anayeishi mashamba naye aonje maisha ya mjini. Kwa Pemba, majumba yalijengwa Wete, Chake Chake na Mkoani, na vilevile Micheweni na Kengeja. Nyumba ya kawaida ya Pemba wakati huo ilikuwa ya miti, fito na udongo, na paa la makuti lililohitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Mvua za masika zilipopiga kwa nguvu, kiambaza kilimomonyoka. Katika nyumba mpya, familia ilipata ukuta wa matofali ya saruji, choo cha ndani, umeme na maji ya bomba. Wakaazi walipewa fleti bila ya kuzinunua.

Kuhamia ghorofani hakukuwa jambo jepesi kwa kila mtu. Maisha ya familia ya Kipemba yalizunguka ua wa nyumba: hapo mama alipika kwa kuni, akaanika mpunga na karafuu, akafuga kuku, akakaa na jamaa zake jioni. Fleti haina ua. Mzee mwenye miguu mibovu alilazimika kupanda ngazi, na maji yaliposhindwa kupanda juu, kina mama waliyabeba kwa ndoo kutoka chini. Miaka ilivyokwenda, matengenezo yakawa mzigo, kwa kuwa fedha za kujengea zilipatikana kwa urahisi kuliko fedha za kutunzia. Pamoja na hayo, fleti hizo zimelea vizazi, na katika miji ya Pemba zimebaki kuwa anwani inayojulikana na kila mtu.

Tiba na matunzo ya wazee

Katika sekta ya afya, Pemba ilirithi hospitali za zamani za Chake Chake na Wete pamoja na vituo vichache vya vijijini. Mgonjwa wa kusini alisafiri mwendo mrefu, mara nyingine akibebwa kitandani na vijana wa kijiji. Serikali ilitafuta wataalamu na misaada nje, na mwaka 1964 timu ya kwanza ya madaktari kutoka Jamhuri ya Watu wa China iliwasili Zanzibar, ikaanza utaratibu ambao umeendelea kwa zaidi ya nusu karne. Kwa ushirikiano huo huo ikajengwa hospitali ya Mkoani, inayoitwa Hospitali ya Abdulla Mzee. Kwa mara ya kwanza mama mjamzito wa Mkoani aliyepata tatizo la uzazi hakuhitaji kwanza kuvuka nusu ya kisiwa.

Si kila uamuzi wa afya ulizaa matunda mema. Mwaka 1958 ulianza mpango mkubwa wa kupambana na malaria kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, na kwa kupuliza dawa majumbani ugonjwa ulishuka sana Unguja na Pemba. Mwaka 1968, serikali ilipoona kwamba malaria si tishio tena, mpango huo ulisitishwa. Mbu hakusitisha. Baada ya miaka kadhaa malaria ilirejea kwa nguvu, na ilibidi Zanzibar ianze upya vita hiyo katika karne hii. Somo lake ni kwamba ugonjwa ukipungua, kazi ya kuudhibiti haijesha.

Eneo jingine lililobeba alama yake ni matunzo ya wazee. Zanzibar ilikuwa na watu wengi waliotumia nguvu zao zote katika bandari na mashamba ya wengine, wakazeeka bila ya mtoto, jamaa wala akiba. Mzee Karume aliwafahamu watu hao kwa sura, kwani alifanya kazi nao. Serikali yake iliweka msingi kwamba mzee asiyekuwa na wa kumtunza atunzwe na dola, apewe malazi, chakula na posho. Makao ya wazee yaliyopo leo Sebleni na Welezo kwa upande wa Unguja, na Limbani mjini Wete kwa upande wa Pemba, yanaendeshwa kwa msingi huo.

Jambo hilo lilihitaji busara katika jamii ambayo kumuacha mzazi ni aibu kubwa. Makao hayakukusudiwa kuchukua nafasi ya watoto kwa wazazi wao. Yalikusudiwa kwa yule ambaye, kwa majaaliwa ya maisha, hakubakiwa na mtu wa kumpa maji ya kunywa.

Mahakama na ndoa

Sera ya haki ndiyo iliyozua mjadala mkubwa zaidi. Mahakama zilizoachwa na wakoloni zilitumia Kiingereza na taratibu ngumu, na mwenye fedha za kumlipa wakili alikuwa na nafasi kubwa kuliko asiyekuwa nazo. Methali isemayo mnyonge hana haki ilikuwa na ukweli wake mlangoni mwa mahakama. Kwa sheria ya mwaka 1969, serikali ikaanzisha Mahakama za Wananchi. Kesi zilisikilizwa na wajumbe watatu kutoka miongoni mwa watu wa kawaida, kwa Kiswahili, na mawakili hawakuruhusiwa.

Kwa mwananchi aliyedhulumiwa mbuzi au mpaka wa shamba, mahakama hiyo ilikuwa karibu, haraka na yenye kufahamika. Kwa mshitakiwa wa kosa kubwa, hali ilikuwa nyingine. Alisimama peke yake mbele ya wajumbe wasiokuwa na mafunzo ya sheria, bila ya mtu wa kumtetea, ilhali hukumu ingeweza kuchukua uhai wake. Kuondoa wakili kuliondoa upendeleo wa mwenye fedha, lakini kuliondoa pia kinga ya asiyekuwa na hatia. Aidha, katika miaka hiyo wapo watu waliokamatwa na kuwekwa kizuizini bila ya kufikishwa katika mahakama yoyote.

Masuala ya ndoa, talaka na mirathi yaliendelea kushughulikiwa na Makadhi kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Hata hivyo, dola iliingia katika mlango wa familia. Mwaka 1970 wasichana kadhaa wa asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu, katika sera iliyoelezwa kuwa ya kuvunja ubaguzi wa rangi. Jambo hilo lililaumiwa ndani na nje ya nchi. Nia ya kuwaunganisha watu wa asili mbalimbali haikuweza kuhalalisha ndoa isiyokuwa na ridhaa, kwani ridhaa ni nguzo ya ndoa katika dini na katika sheria.

Karafuu na njaa

Fedha za kujengea majumba na hospitali zilitoka wapi? Jibu la sehemu kubwa ya swali hilo limo katika mashamba ya Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuinusuru ya Pemba, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala ya karafuu za Zanzibar. Msimu ukifika, kijiji kizima huingia shambani. Vijana hupanda mitini kuchuma, watoto na kina mama huchambua makonyo, na barabara zote hunukia karafuu zilizoanikwa majamvini.

Baada ya Mapinduzi, serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee. Bei ya dunia ilipopanda mwishoni mwa miaka ya 1960, Zanzibar ilijipatia akiba kubwa ya fedha za kigeni, lakini mkulima alilipwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Tofauti ilikwenda kugharimia skuli, hospitali na majumba. Baadhi ya wakulima walijaribu kuuza kwa magendo ng'ambo ya bahari, hasa Mombasa, na serikali ikajibu kwa adhabu kali. Mkulima wa Pemba akajikuta anatibiwa bure na mwanawe anasoma bure, lakini yeye mwenyewe hana sauti juu ya bei ya jasho lake.

Yapo na mengine ambayo wazee wa Pemba hawajayasahau. Katika miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi, watu walichapwa bakora hadharani, wengine wakiwa watu wazima wenye heshima zao mbele ya watoto wao. Katika mwaka 1971 na 1972, serikali ilipopunguza uingizaji wa mchele, unga na sukari kwa lengo la kujitegemea kwa chakula, Pemba ilipata shida kubwa ya njaa. Familia zilirudi kwenye muhogo na vyakula vya porini. Lengo la kujitegemea lilikuwa na maana yake, lakini tumbo la mtoto halisubiri msimu ujao wa mpunga. Wala haikuwapo njia ya wananchi kuwasilisha malalamiko yao kwa kura, kwa kuwa katika uhai wa Mzee Karume uchaguzi wa kuwachagua viongozi wa Serikali ya Zanzibar haukuitishwa baada ya Mapinduzi.

Kifo na kilichofuata

Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Karume alikuwa Kisiwandui, katika makao makuu ya Afro-Shirazi, akicheza bao na wenzake kama ilivyokuwa desturi yake, pale watu wenye silaha walipoingia na kumpiga risasi. Sheikh Thabit Kombo, rafiki na mshirika wake wa muda mrefu, alijeruhiwa. Mzee Karume aliacha mjane, Mama Fatma Karume, na watoto. Sheikh Aboud Jumbe akashika nafasi yake, na ujenzi wa majumba ya Michenzani ukaendelea baada yake.

Miaka iliyofuata ilirekebisha mengi bila ya kuubomoa msingi. Mwaka 1980 Zanzibar ilipata Baraza la Wawakilishi, na wananchi wakarejea katika utaratibu wa uchaguzi. Katiba ya mwaka 1984 ikaweka haki za binadamu ndani ya sheria mama, na katika miaka hiyo hiyo ya 1980 Mahakama za Wananchi zikaondolewa. Mshitakiwa akarejeshewa haki ya kuwa na mtetezi.

Upande wa matunzo ya jamii uliendelezwa. Aprili 2016 serikali ilianzisha Pensheni Jamii kwa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70, Unguja na Pemba, bila ya kujali alifanya kazi gani katika ujana wake. Malipo yalianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye yakapandishwa hadi 50,000. Mwaka huo huo wa 2016, Hospitali ya Abdulla Mzee mjini Mkoani ilifunguliwa upya baada ya kujengwa kwa kiwango cha kisasa, kwa ushirikiano ule ule wa China ulioanza katika mwaka wa Mapinduzi.

Jeraha la kisiasa baina ya Pemba na serikali lilichukua muda mrefu zaidi kutibiwa. Novemba 2009, Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Dk. Amani Abeid Karume, mtoto wa Mzee Karume, alikutana na Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, na viongozi hao wawili wakakubaliana kumaliza uhasama. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ikaidhinisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Tangu hapo, Katiba inatambua kwamba anayeshindwa katika kura naye ana nafasi katika kuijenga nchi.

Maridhiano hayo yalitia katika maisha ya Mzee Karume kitu ambacho hakikukamilika katika uhai wake. Yeye alisimamisha kanuni kwamba mnyonge ana haki ya dari juu ya kichwa chake, dawa anapougua, skuli kwa mwanawe na mkono wa kumshika uzeeni. Historia ya Pemba ikaongeza kwamba haki hizo hazitimii pasi na heshima, bei ya haki kwa mkulima, mahakama yenye kumsikiliza mshitakiwa, na kura yenye kuhesabika.

Leo hii, katika nyumba za maendeleo za Wete, wapo wajukuu wanaoishi katika fleti walizopewa babu zao. Wengine wametoka katika familia zilizomuunga mkono Mzee Karume, wengine katika familia zilizompinga, na ngazi wanayopanda kila siku ni moja.